Mashine, Mwalimu na Kosa la Mwanafunzi: Historia Fupi ya Programu za Kufundishia na Somo Lake kwa Vyuo Vyetu

Utangulizi

Miaka kadhaa iliyopita, katika chuo kimoja nilichokuwa nikifundisha Kiyunani cha Agano Jipya, tulipokea programu ya kompyuta ya kujifunzia msamiati. Ilikuwa zawadi, na hakuna aliyeona haja ya kuihoji. Neno la Kiyunani lilitokea kwenye skrini, na chini yake maana nne za Kiingereza. Mwanafunzi alibonyeza moja, na mashine ikalia kengele ya pongezi au ikaonyesha alama nyekundu. Muhula ulipokwisha, kumbukumbu za mashine zilionyesha kwamba karibu darasa zima lilikuwa limepita alama 90 katika 100. Nikafurahi, nikawapa aya kumi za Injili ya Yohana wazisome. Waliolijua neno logos kwenye skrini hawakulitambua lilipokuja katika umbo la logou. Wachache walilitambua, lakini walipotakiwa kulieleza kwa Kiswahili walisita, kwa kuwa walikuwa wamelifunga neno geni kwa neno lingine geni. Mmoja wao, aliponiona nimenyong'onyea, alisema kwa unyofu: "Mchungaji, mimi sikuwa nikilisoma lile neno. Nilikuwa nikikumbuka jibu lake liko mstari wa ngapi."

Kauli hiyo ndiyo iliyonisukuma kuichunguza historia ya programu za kufundishia. Nilitaka kujua kama yaliyotupata sisi yaliwahi kuwapata wengine, na kama wako waliofanikiwa, walifanikiwa kwa sababu gani. Swali hili si la udadisi tu. Vyuo na shule zetu zinaendelea kununua au kupewa kompyuta, vishikwambi na programu za kila namna, na fedha zinazotumika huko hazitanunua vitabu wala hazitaajiri walimu. Ni wajibu wetu basi kujua tunachokipokea.

Hoja ya makala haya ni moja. Mashine haijawahi kufundisha. Aliyefundisha daima ni mtu aliyeitungia mashine somo. Naye alifundisha vema kwa kadiri alivyokaa na wanafunzi, akayatazama makosa yao, na akakubali kuisahihisha kazi yake kwa ajili ya makosa hayo. Pale mtunzi alipoyadharau makosa, au alipoyahesabu tu bila kuyasoma, programu haikufaa kitu hata ilipokuwa na vyombo vya thamani kubwa.

Mashine kabla ya kompyuta

Wengi hudhani kwamba habari hii ilianza na kompyuta. Sivyo. Mwaka 1924 Sidney Pressey, mwanasaikolojia wa Chuo Kikuu cha Jimbo la Ohio nchini Marekani, aliwaonyesha wenzake kisanduku chenye dirisha dogo na vitufe vinne. Swali lilitokea dirishani, na mwanafunzi akabonyeza kitufe cha jibu alilolichagua. Kisanduku hicho kiliweza kupangwa kwa namna mbili. Kwa namna ya kwanza kilikuwa mtihani: kilihesabu majibu sahihi. Kwa namna ya pili kilikuwa mwalimu: hakikusogea kwenye swali linalofuata mpaka mwanafunzi abonyeze jibu sahihi. Pressey alitumaini kwamba walimu wangepunguziwa mzigo wa kusahihisha, wapate nafasi ya kuwa karibu zaidi na wanafunzi wao. Mashine haikupata soko, hali ngumu ya uchumi ikaingia, na mwaka 1932 alitangaza kwamba anaiacha kazi hiyo. Msomaji ataona kwamba programu yetu ya Kiyunani haikuwa tofauti sana na kisanduku hicho. Ilijua kama mwanafunzi amekosea, lakini haikujua kwa nini amekosea.

Mtu wa pili ni B. F. Skinner wa Chuo Kikuu cha Harvard. Mnamo Novemba 1953 alikwenda shuleni kwa binti yake kutazama kipindi cha hesabu. Aliona wanafunzi wameinamia madaftari yao. Wengine walikuwa wamemaliza zamani na kukaa bure, wengine walikuwa wamekwama, na hakuna aliyejua kama yuko sahihi mpaka madaftari yasahihishwe na kurudishwa. Skinner aliona makosa mawili katika mpango huo: mrejesho ulichelewa, na wote walilazimishwa kwenda kwa mwendo mmoja. Muda mfupi baadaye alianza kuunda mashine yake. Mwaka 1954 alichapisha makala kuhusu sayansi ya kujifunza na sanaa ya kufundisha, na mwaka 1958 akaieleza mashine yenyewe kwa urefu.

Skinner hakupenda maswali ya kuchagua. Alitaka mwanafunzi aandike jibu lake mwenyewe, kisha avute mkono wa mashine na kuliona jibu sahihi. Somo liligawanywa katika hatua ndogo sana, kila hatua ikijengwa juu ya iliyotangulia, ili mwanafunzi apate mara nyingi na akosee mara chache. Fundisho lake lililo na uzito kwetu ni hili: wanafunzi wengi wakikosea mahali pamoja, mwenye kosa ni mtunzi wa somo. Hatua hiyo irudiwe, iandikwe upya, ijaribiwe tena. Mwalimu asiseme "darasa hili ni zito" kabla hajajiuliza kama swali lake lilikuwa wazi.

Wakati huohuo, Norman Crowder, aliyekuwa akiwafundisha mafundi wa jeshi la anga la Marekani kutafuta hitilafu katika mitambo ya elektroniki, alikuwa na wazo tofauti. Yeye hakuliogopa kosa. Aliandika vitabu ambavyo kurasa zake hazikufuatana: aliyechagua jibu la kwanza alipelekwa ukurasa fulani, na aliyechagua la pili alipelekwa ukurasa mwingine. Aliyekosea alikuta maelezo yaliyoandikwa kwa ajili ya kosa lake hasa, kisha akarudishwa alikotoka ajaribu tena. Ili kuandika kitabu cha namna hiyo, mtunzi alilazimika kujua mapema watu hukosea vipi. Kwa Skinner kosa lilikuwa dalili ya ubovu wa somo. Kwa Crowder lilikuwa mlango wa kuingilia katika mawazo ya mwanafunzi. Historia yote iliyofuata imekwenda kati ya mawazo haya mawili.

Kitabu chenye nafasi wazi

Kabla ya kuingia katika kompyuta, yafaa tukumbuke kwamba mawazo ya Skinner yalifika katika elimu ya theolojia mapema kuliko tunavyodhani. Mwaka 1963 seminari moja ya Kipresbiteri nchini Guatemala ilianza kuwafuata wanafunzi wake huko walikoishi na kufanya kazi, badala ya kuwaita waje kukaa bwenini. Njia hiyo ndiyo iliyokuja kuitwa elimu ya theolojia kwa enezi. Kwa kuwa mwanafunzi alikuwa peke yake siku nyingi za juma, palihitajika kitabu cha kumfundisha pasipo mwalimu, na watunzi wakaiona njia ya Skinner kuwa inafaa. Katika miaka ya 1960 na 1970 vilitungwa vitabu vyenye aya fupi, swali moja, nafasi wazi ya kuandika jibu, na jibu sahihi pembeni au chini ya mstari. Vilitumika katika sehemu nyingi za Afrika, Kiswahili kikiwa miongoni mwa lugha zilizotumika. Wainjilisti wengi walijifunza kwa vitabu hivyo wakiwa shambani na dukani, bila kujua kwamba asili yake ilikuwa darasa la hesabu la mtoto mmoja nchini Marekani.

Vitabu hivyo vilikuwa na udhaifu ulio dhahiri: mwanafunzi mwenye haraka aliweza kulinakili jibu kutoka pembeni bila kulifikiri. Lakini mpango wa enezi haukukiacha kitabu peke yake. Ulikuwa na sehemu tatu, yaani kujisomea, kazi ya utumishi mahali pa mtu, na kikao cha mara kwa mara na mwalimu pamoja na wanafunzi wenzake. Katika kikao ndimo aliyenakili alipojulikana, na aliyeelewa vibaya alipopata kusikilizwa. Kikao kilipoachwa, kwa sababu ya umbali au ukosefu wa nauli, kitabu kilibaki kuwa zoezi la kujaza nafasi.

Kompyuta zaingia darasani

Mwaka 1960 Donald Bitzer na wenzake katika Chuo Kikuu cha Illinois walianzisha mfumo ulioitwa PLATO, ukitumia kompyuta ya chuo iliyojulikana kama ILLIAC. Mwanzoni uliweza kumhudumia mwanafunzi mmoja tu, baadaye wawili, na katika miaka iliyofuata mamia ya wanafunzi kwa pamoja. Skrini bapa ya plasma ilibuniwa mwaka 1964 na Bitzer pamoja na Gene Slottow na Robert Willson ili kuuhudumia mfumo huu. Vituo vya PLATO vya mwaka 1972 vilikuwa na skrini ambayo mwanafunzi aliigusa kwa kidole, miaka mingi kabla ya simu tulizonazo leo.

Jambo lenye maana zaidi kuliko vyombo hivyo ni lugha ya kutungia masomo iliyoitwa TUTOR, ambayo Paul Tenczar aliibuni mwaka 1967. Kwayo mwalimu wa kemia au wa lugha, asiye fundi wa kompyuta, aliweza kuandika somo lake mwenyewe, kuliweka mbele ya wanafunzi, kuona walipokwama, na kulibadilisha. Ndipo yakapatikana masomo ambayo kitabu hakiwezi kuyatoa, kama lile la kuzalisha inzi wa matunda kizazi baada ya kizazi na kuona tabia zinavyorithiwa. Somo kama hilo humpa mwanafunzi nafasi ya kubashiri, kukosea na kujaribu tena, kazi ambayo katika maabara ingechukua majuma mengi.

Huko California, Patrick Suppes na Richard Atkinson wa Chuo Kikuu cha Stanford walianza mwaka 1963 kutengeneza mazoezi ya hesabu na kusoma kwa watoto wa shule za msingi. Mwaka 1966 Suppes aliandika kwamba siku yaja ambapo mamilioni ya watoto watapata kile alichokipata Aleksanda, mwana wa mfalme wa Makedonia, yaani mwalimu wa binafsi mwenye elimu kama ya Aristotle. Maneno hayo yamerudiwa kwa namna mbalimbali na kila kizazi cha watunzi wa programu hata leo. Yafaa tuyatilie shaka kidogo. Mazoezi ya Suppes yaliwafaa watoto kwa kukariri hesabu, lakini Aristotle hakuwa mtu wa kutoa mazoezi tu. Alikuwa akiulizwa maswali.

Serikali ya Marekani ilipoagiza mifumo hii ipimwe, taarifa zilizotoka mwaka 1978 zilikuwa za kunyenyekesha. Katika vyuo vilivyochunguzwa, PLATO haikuonyesha kwa ujumla tofauti ya kudumu katika mafanikio ya wanafunzi, ingawa wengi waliipenda. Mfumo mwingine ulioitwa TICCIT, uliomwachia mwanafunzi ajiamulie mwendo na utaratibu wake, ulionyesha jambo la kutafakarisha sana: waliomaliza kozi walifanya vizuri kuliko wenzao wa darasa la kawaida, lakini waliomaliza walikuwa wachache zaidi. Mwanafunzi hodari alipewa mabawa; aliyekuwa dhaifu aliachwa njiani, na mashine haikumwuliza amekwenda wapi.

Mtoto aifundishe mashine

Hapa yatupasa tumkumbuke Mwafrika mmoja. Seymour Papert alizaliwa Pretoria mwaka 1928, akafanya kazi Geneva pamoja na Jean Piaget, bingwa wa kuchunguza fikra za watoto, kisha akahamia Marekani. Mwaka 1967 yeye, Wally Feurzeig na Cynthia Solomon walitengeneza lugha ya kompyuta iitwayo Logo. Ndani yake mlikuwa na kobe ambaye mtoto alimwamuru aende mbele hatua kadhaa, ageuke, aende tena, na kwa njia hiyo achore mraba au nyota. Papert aligeuza mambo: badala ya mashine kumwongoza mtoto, mtoto aiongoze mashine. Katika kitabu chake cha mwaka 1980, Mindstorms, alieleza kwamba amri inapoleta mchoro usiotarajiwa, mtoto haoni aibu. Huifuata amri hatua kwa hatua mpaka aone ilipopotoka. Kosa halikuwa tena alama nyekundu. Lilikuwa kazi ya kufanya.

Wazo hilo ni zuri, nami ningependa kila mwalimu alijue. Lakini ukweli hauna budi kusemwa. Mwaka 1984 Roy Pea na Midian Kurland wa Bank Street College, New York, walichunguza kama watoto waliojifunza Logo wamekuwa hodari zaidi wa kupanga mambo mengine, wasione tofauti. Chombo kizuri kilichowekwa mbele ya mtoto bila mwongozo hakikuzaa hekima chenyewe. Wazo la Papert lilichangia pia mpango wa kompyuta moja kwa kila mtoto, uliotangazwa na Nicholas Negroponte mwaka 2005. Rwanda ilikuwa miongoni mwa nchi zilizojiunga nao, na Peru ilinunua mashine mamia ya maelfu. Uchunguzi uliofanywa katika shule 319 za vijijini nchini Peru, ukatolewa mwaka 2012, haukuona ongezeko katika hesabu wala lugha. Mashine zilifika, somo halikuwa limetungwa kwa ajili ya wale watoto, na walimu wao hawakuandaliwa vya kutosha kuzitumia.

Mkufunzi anayesoma makosa

Mwaka 1984 huohuo Benjamin Bloom wa Chicago alitoa hesabu iliyowashtua wengi. Kwa mujibu wa uchunguzi wa wanafunzi wake, mwanafunzi wa wastani aliyefundishwa na mkufunzi wa peke yake aliwapita wanafunzi 98 katika 100 wa darasa la kawaida. Wachunguzi wa baadaye wameona kwamba hesabu hiyo ilikuwa kubwa mno, lakini ilizaa swali lililo jema: mkufunzi wa mtu mmoja hufanya nini ambacho mwalimu wa darasa hawezi?

Katika jiji la Pittsburgh, John Anderson na wenzake wa Chuo Kikuu cha Carnegie Mellon walilijibu hivi: mkufunzi hufuata kila hatua ya mwanafunzi, si jibu la mwisho pekee. Programu zao ziliandikiwa njia sahihi za kulitatua swali na pia njia za kukosea ambazo wanafunzi huzipitia kwa kawaida, hata mashine ikaweza kusema, "Hapa umetoa kabla ya kugawanya." Katika miaka ya 1990 Kenneth Koedinger aliiingiza programu ya aljebra katika shule za jiji hilo akishirikiana na walimu wao.

Kutoka katika kazi hiyo nimepata mfano ambao sichoki kuwaeleza walimu wenzangu. Tuchukue swali hili: Mama ameuza mikungu 6 ya ndizi kwa bei moja, akajumlisha na shilingi 5,000 alizokuwa nazo, akawa na shilingi 65,000, kila mkungu aliuuza kwa shilingi ngapi? Kisha tuliandike swali hilohilo kwa herufi: 6x + 5,000 = 65,000. Lipi ni gumu zaidi? Koedinger na Mitchell Nathan walipowauliza walimu maswali ya namna hiyo, wengi walisema ni lile la maneno. Walipowajaribu wanafunzi walioanza aljebra, waliona kinyume: lile la maneno walilipata zaidi, kwa kurudi nyuma hatua kwa hatua kwa akili ya kawaida, hali lile la herufi liliwashinda. Mwalimu alikuwa amelisahau giza alilolipitia yeye mwenyewe. Ujuzi wake ulimficha mwanafunzi wake.

Programu hizi nazo zilipatwa na hila ileile niliyoiona darasani kwangu. Ryan Baker na wenzake walieleza mwaka 2004 jinsi baadhi ya wanafunzi walivyoomba vidokezo harakaharaka mpaka mashine iwape jibu, na jinsi hao walivyojifunza kidogo kuliko wenzao. Wachunguzi wa shirika la RAND walipoipima programu ya aljebra ya Pittsburgh katika shule nyingi za Marekani, katika taarifa iliyochapishwa mwaka 2014, hawakuona faida katika mwaka wa kwanza. Katika mwaka wa pili faida ilionekana katika shule za sekondari: mwanafunzi wa wastani angepanda kutoka nafasi ya 50 hadi ya 58 katika kila mia. Inaelekea kwamba walimu walihitaji mwaka mmoja wa kujua mahali pa mashine katika kazi yao.

Ushahidi ulio karibu zaidi na hali zetu unatoka Delhi, India. Karthik Muralidharan na wenzake waliwachunguza wanafunzi 619 wa shule za serikali mwaka 2015. Waligundua kwamba watoto wengi walikuwa nyuma ya darasa lao kwa miaka kadhaa, na theluthi ya chini hawakuwa wakipiga hatua yoyote, kwa sababu mwalimu alifuata kitabu cha darasa na si kiwango cha mtoto. Programu iitwayo Mindspark ilimpima kila mtoto na kuanza naye pale alipo, ikiwa na maswali yaliyotungwa baada ya kuyachambua makosa ya watoto wengi. Katika muda wa miezi minne na nusu waliopewa nafasi hiyo waliwapita wenzao kwa kiasi kikubwa katika hesabu na katika Kihindi. Nusu ya muda wa kila kipindi watoto walikuwa kwenye kompyuta. Nusu nyingine walikuwa katika kikundi kidogo pamoja na mtu wa kuwasaidia.

Tanga

Kiswahili nacho kimeingia katika historia hii. Mwaka 2014 taasisi ya XPRIZE ilitangaza shindano la kutunga programu itakayomwezesha mtoto asiye na shule kujifunza kusoma, kuandika na kuhesabu. Makundi matano yalifika hatua ya mwisho, na programu zao zilijaribiwa kwa miezi 15 mkoani Tanga, kwa ushirikiano wa Serikali ya Tanzania, UNESCO na Mpango wa Chakula Duniani. Watoto wapatao 2,700 katika vijiji vipatavyo 170 walipewa vishikwambi vilivyochajiwa kwa umeme wa jua. Kabla ya kuanza, zaidi ya asilimia 90 yao hawakuweza kusoma hata neno moja la Kiswahili. Mwishoni idadi hiyo ilikuwa imepungua kwa nusu. Mnamo Mei 2019 zawadi kuu iligawanywa kati ya Kitkit School na onebillion, na programu zote tano zikaachwa wazi ili yeyote azitumie.

Tunaweza kusoma matokeo hayo kwa namna mbili, na zote ni za kweli. Mamia kwa mamia ya watoto waliokuwa gizani walianza kusoma. Hilo si jambo dogo. Lakini karibu nusu, baada ya mwaka na robo, walikuwa bado hawajasoma neno moja. Hao nao ni watoto, na kwao kishikwambi peke yake hakikutosha.

Aidha, Kiswahili kinamdai mtunzi mambo yake. Mtoto wetu husoma kwa silabi: ba, be, bi, bo, bu. Njia zilizobuniwa kwa Kiingereza, chenye maandishi yasiyofuata sauti, hazihamishwi kwetu zilivyo. Herufi m ni silabi kamili katika mtu, lakini katika mbuzi imeungana na b. Ng ya ngoma si ng' ya ng'ombe. Mtoto anayesoma "mutu" mahali palipoandikwa mtu hakosi kujua herufi. Anasikia lugha ya nyumbani kwao. Anayeandika "karamu" akikusudia kalamu hakuzembea. Lugha yake ya kwanza huenda haitenganishi r na l. Mashine itakayowapa hawa wawili alama nyekundu ileile haijawafundisha chochote. Mwalimu aliyekulia miongoni mwao atajua la kumwambia kila mmoja, na ujuzi huo ndio unaotakiwa kuwekwa ndani ya programu.

Hitimisho

Tangu Novemba 2022 zimekuja programu zinazozungumza na mtu kwa lugha ya kawaida na kujibu karibu kila swali. Ndoto ya Suppes inaonekana kama imetimia. Lakini uchunguzi uliofanywa kwa wanafunzi wapatao elfu moja wa sekondari nchini Uturuki na kuchapishwa mwaka 2025 unaturudisha palepale. Waliopewa programu iliyojibu kila walichouliza walifanya mazoezi vizuri sana, lakini iliponyang'anywa walifanya mtihani vibaya kuliko wasiokuwa nayo kabisa. Waliopewa programu iliyotungwa itoe vidokezo bila jibu, ikiongozwa na walimu kuhusu makosa ya kawaida, hawakupata hasara hiyo. Mashine ya ndani ilikuwa ileile. Tofauti ilikuwa kazi ya mtunzi.

Wasomaji wa jarida hili wanajua kwamba Katekisimo Ndogo ya mwaka 1529 haikuandikwa kwanza mezani. Luther aliiandika baada ya kutembelea sharika za Saksonia na kuona kwa macho yake jinsi watu wasivyojua. Utaratibu huo ndio ninaouona kwa wote waliofanikiwa katika historia hii: kwanza kutembelea, kisha kutunga, na baada ya kutunga kurudi kutazama.

Kwa hiyo chuo kitakapoletewa programu, kisiulize kwanza bei yake wala rangi zake. Kiulize ni nani aliyeitunga na amekaa na wanafunzi gani; je, inamtaka mwanafunzi atoe jibu lake mwenyewe au achague tu; je, inamwambia kwa nini amekosea; je, inamwonyesha mwalimu aliyebaki nyuma; na je, inaweza kubadilishwa nasi tunapoona imekosea. Na kitenge muda wa kikao, kwa maana historia haijatuonyesha programu iliyodumu kufaa pasipo mtu wa kuwasikiliza waliokwama.

Kuhusu darasa langu la Kiyunani, tuliiweka programu ile pembeni kwa muhula mmoja. Nilinunua daftari, nikaandika kila kosa lililofanywa katika kusoma kwa sauti na katika kutafsiri, bila majina. Baada ya majuma sita niliona kwamba sehemu kubwa ya makosa ilitokana na mambo manne tu, na moja kati ya hayo lilikuwa kosa la maelezo yangu mwenyewe. Tukaandika kadi za maneno katika maumbo yake yote, maana zikiwa kwa Kiswahili, kila neno likiwa ndani ya sentensi. Baadaye kijana mmoja anayejua kompyuta alizigeuza kadi hizo kuwa programu ndogo. Haina kengele. Yule mwanafunzi aliyekuwa akikumbuka mstari sasa ni mchungaji, na mwaka jana aliniandikia barua akisahihisha kadi mbili tulizokosea. Tumezirekebisha.